Mapezi ya Samaki Yakiraruka au Kuoza

Ng'ombe akiugua, mwenye zizi humjua tangu asubuhi. Masikio yamelala, hataki kula, na macho yake hayana uhai. Samaki hukaa majini, haonekani vizuri, na mara nyingi mwenye bwawa hupata habari za ugonjwa siku anapokuta mizoga inaelea. Lakini samaki naye ana mahali panapoonyesha hali yake mapema, napo ni kwenye mapezi. Pezi likianza kulika ncha, kwa kawaida siku kadha hupita kabla samaki hajafa. Siku hizo ndizo unazoweza kumwokoa, ukijua la kufanya.

Maelezo haya ni kwa mkulima anayefuga perege, sato au kambare katika bwawa lililo karibu na bustani yake, au anayekuza vifaranga vya samaki katika tangi au pipa. Mtu wa mjini anayefuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo naye anaweza kuyafuata, kwa maana vijidudu ni vile vile na makosa ya maji ni yale yale. Ufugaji wa perege katika mabwawa si jambo geni kwetu. Majaribio katika Tanganyika yalianza mwaka 1949, huko Korogwe na Malya.

PEZI LILIVYO

Shika sato kwa mkono uliolowa maji, utandaze pezi lake la mkia. Utaona vijiti vyembamba vya mfupa vimepangwa kama njiti za mwavuli, na kati ya kijiti na kijiti kuna utando mwembamba. Damu hupita humo kama inavyopita katika kidole chako. Pezi la mgongoni ni hivyo hivyo, ila sehemu yake ya mbele ina miba migumu, ile inayochoma mikono ya watu wasiozoea kumshika perege.

Samaki hujisukuma kwa mkia, na mapezi mengine humsaidia kusimama wima, kugeuka na kujizuia. Samaki aliyelika mapezi huchelewa kufika penye chakula. Wenzake humtangulia, naye hubaki mwembamba na dhaifu, na ugonjwa humwingia kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo, hata kama hafi, utamlisha miezi mingi bila faida.

Habari njema ni kwamba pezi huota tena. Likikatika ncha au hata nusu yake, vijiti hukua upya na utando hufuata, mradi shina lake halijaliwa, yaani pale pezi linaposhikana na mwili. Kuoza kukifika kwenye shina na kuingia katika nyama, pezi halitarudi, na mara nyingi samaki mwenyewe hatapona. Ndiyo sababu siku mbili za kuchelewa zina gharama kubwa.

Angalia jambo moja linalowadanganya wengi. Sehemu mpya inayoota huwa nyeupe, haina mistari kama ile ya mkia wa sato, na mtu huweza kudhani ugonjwa unaendelea. Tofauti ni hii: pezi jipya hung'aa kama kioo na ukingo wake ni laini. Pezi linaloza lina weupe wa maziwa, ukingo wake umechanikachanika, na mara nyingi kuna mstari mwekundu penye weupe huo. Ukimtia samaki katika jagi la plastiki lililo wazi, lenye maji ya bwawa, utaona yote haya bila kumwumiza.

KURARUKA NA KUOZA NI MAMBO MAWILI

Kabla ya kutafuta dawa, jua kwanza unaloliona. Pezi lililoraruka limechanika kati ya vijiti, au kipande kimetoka kama kilichong'atwa. Ukingo wake ni safi. Aghalabu utawaona samaki wachache tu wenye hali hiyo, na kesho hawaongezeki. Hilo ni jeraha. Limeletwa na wavu, na miba ya wenzake siku ya kusafirisha, na madume wanaogombea viota, au na ndege kama mdiria na mnandi aliyemkosa. Jeraha la namna hii hupona lenyewe katika maji safi. Usimsumbue samaki huyo kwa dawa.

Pezi linaloza huanza na ukingo mweupe. Kesho weupe umepanda juu kidogo, na pale ulipokuwa jana pamelika, vijiti vimebaki vimechomoza kama meno ya kitana. Samaki hubana mapezi yake mwilini, husimama peke yake pembeni au penye maji yanayoingia, na pengine hupumua kwa haraka. Wakiwa hivyo wengi kwa pamoja, usiseme ni bahati mbaya.

Usikisie hesabu. Vua samaki kumi asubuhi, watazame mmoja mmoja, uandike katika daftari ni wangapi wenye mapezi yaliyolika. Rudia baada ya siku tatu. Mmoja katika kumi, na baada ya siku tatu bado ni mmoja, si jambo la kukukosesha usingizi. Lakini ikiwa walikuwa wawili na sasa ni watano, kazi imeanza.

VIJIDUDU VIMO SIKU ZOTE

Watu wengi hudhani ugonjwa huu umeletwa na mtu fulani, au umeingia kwa mto wakati wa mvua. Kwa kweli bakteria wanaoozesha mapezi, kama vile Aeromonas na Flavobacterium, wamo katika maji ya mabwawa siku zote, hata katika bwawa zuri. Samaki mwenye afya hulindwa na ute unaofunika mwili wake. Ute huo ni ngao yake. Ukitoka kwa kukwaruzwa, au samaki akidhoofishwa na maji mabaya, vijidudu hupata mlango, na mlango wa kwanza huwa ukingo wa pezi, mahali pembamba kuliko pote.

Kwa hiyo ukiona mapezi yanaoza, usiulize kwanza, “Dawa yake ni ipi?” Uliza, “Samaki wangu wamedhoofishwa na nini?” Usipolijua jibu la swali hili, dawa itawaponya leo na juma lijalo wataugua tena.

Sababu zinazoonekana mara nyingi ni chache. Ya kwanza ni msongamano. Katika bwawa la udongo linalorutubishwa kwa mboji na samaki kupewa pumba, inatosha kupanda perege wawili au watatu kwa kila mita moja ya mraba. Bwawa la mita 10 kwa 15 lina mita 150 za mraba, basi vifaranga 300 hadi 450 ni kiasi chake. Lakini kumbuka kwamba perege huzaana humo humo bwawani, nao huanza wakiwa bado wadogo. Idadi uliyoipanda siyo idadi iliyomo baada ya miezi michache! Mkulima anayesema ana samaki 400 huenda ana maelfu, wote wadogo, wote wanagombea chakula na hewa. Vua wale wadogo mara kwa mara, uwapeleke jikoni.

Ya pili ni chakula kinachobaki na kinyesi cha samaki. Vikioza hutoa amonia, na samaki mwenyewe hutoa amonia kupitia mashavu yake anapopumua. Amonia huunguza mashavu na ute. Katika bwawa, mwani wa kijani hula sehemu kubwa ya amonia hiyo. Katika pipa au tangi la saruji hakuna mwani wa kutosha, na ndiyo sababu mapezi huoza zaidi katika matangi kuliko katika mabwawa. Tangi jipya ni la hatari zaidi, maana bado halijaota vile vijidudu vyema vinavyogeuza amonia kuwa kitu kisichodhuru sana.

Ya tatu ni uhaba wa hewa majini, hasa alfajiri. Usiku mimea ya majini haitoi oksijeni, bali huitumia. Nenda bwawani kabla jua halijachomoza. Samaki wakiwa juu wanapiga midomo penye uso wa maji, bwawa lako limezidi rutuba au limezidi samaki.

Tena kuna chakula kibaya. Pumba zilizokaa ghalani miezi mingi hupoteza vitamini, na samaki asiyepata vitamini C hulika mapezi na pengine hupinda mgongo. Samaki wa bwawani hupata nyingi katika mwani, lakini samaki wa tangi hutegemea mkono wako. Wape perege majani laini ya mchicha au ya viazi vitamu, yaliyokatwakatwa, uondoe yanayobaki. Pumba zenye ukungu usiwape kabisa. Sumukuvu huwadhuru samaki kama inavyowadhuru kuku na watu.

KAZI YA KWANZA NI MAJI

Katika tangi au pipa, ondoa theluthi moja ya maji leo na theluthi nyingine kesho. Yaondoe kwa mpira, ncha yake ikiwa chini kabisa, ili uchafu ulio chini utoke pamoja nayo. Usibadilishe maji yote kwa mara moja, kwa maana mabadiliko ya ghafula ya baridi na joto humdhoofisha samaki kuliko uchafu wenyewe. Maji ya bomba yana klorini iliyowekwa kuua vijidudu, nayo huunguza mashavu ya samaki. Yaweke katika chombo kilicho wazi, chenye mdomo mpana, siku nzima na usiku wake kabla ya kuyatumia. Simamisha ulishaji siku ya kwanza. Samaki hafi kwa kukosa chakula siku moja, wala siku mbili.

Katika bwawa, acha kutia samadi na mboji. Kisha pima maji kwa mkono: tumbukiza mkono wako taratibu mpaka kwenye kiwiko, ukitazama kiganja. Kiganja kikipotea katika ukijani kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, maji yamezidi rutuba. Fungulia maji mapya, yakiingia kwa kumwagika kutoka juu ili yachukue hewa, na utoe ya zamani kutoka chini, mpaka robo ya bwawa iwe imebadilika. Maji hayo unayotoa usiyapoteze. Yapeleke kwenye migomba na matuta ya mboga, maana ni mbolea.

Chakula ukipunguze mpaka kiasi ambacho samaki wanakimaliza kwa muda wa dakika 10 hadi 15. Kikibaki, kesho punguza tena.

Mara nyingi mkulima akifanya haya tu, baada ya siku tano au sita weupe hukoma kupanda, na nusu ya kazi imekwisha bila kununua kitu dukani.

KUOGESHA KWA CHUMVI

Samaki ambao mapezi yao yameoza sana wanahitaji msaada zaidi, na msaada huo ni chumvi ya kupikia. Chumvi huwaua baadhi ya vijidudu walio juu ya ngozi na huwazuia wengine, tena humfanya samaki atoe ute mpya. Perege huivumilia vizuri. Haiponyi kila kitu. Samaki mwenye vidonda virefu, au aliyevimba tumbo na kutokwa macho, ugonjwa wake umeingia ndani ya mwili na chumvi haitaufikia.

Neno moja kwanza: chumvi siyo magadi. Wapo watu wanaotumia magadi kwa kuwa ni rahisi na yanafanana na chumvi kwa sura. Magadi hubadilisha maji na kuifanya amonia iliyomo iwe kali zaidi, na samaki uliyetaka kumtibu utamwua kwa mkono wako.

Sasa fuata hivi. Chukua ndoo ya lita 20 uijaze maji safi yaliyo na joto sawa na maji wanamokaa samaki. Pima chumvi gramu 200. Kama huna mizani, nunua pakiti ya nusu kilo, uimwage juu ya karatasi safi, uigawe mafungu matano yaliyo sawa. Mafungu mawili ndiyo gramu 200. Ikoroge mpaka iyeyuke yote. Chumvi ya mawe ambayo haijayeyuka hukaa chini na kumchoma samaki anayeilalia. Usipime kwa kijiko, kwa sababu kijiko cha chumvi laini na kijiko cha chumvi ya mawe havilingani.

Watie vifaranga kama 30 wa ukubwa wa kidole, wasizidi. Kaa hapo hapo uwatazame. Chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, tena na tena, ili wapate hewa. Waache kwa dakika 15, na kama wanaogelea vizuri, hadi 20. Samaki akilala upande au kupinduka tumbo, mtoe mara moja umrudishe katika maji safi, hata kama dakika tano hazijafika. Usimwachie mtoto kazi hii, wala usiende kujibu salamu barabarani. Samaki wakubwa watie wawili au watatu tu katika ndoo moja. Rudia mara moja kwa siku, siku tatu mfululizo, na kila siku tengeneza maji mapya ya chumvi.

Ikiwa una pipa la ziada la lita 200, unaweza kuwafanyia samaki wagonjwa makao yao ya peke yao. Hapo chumvi huwa kidogo, gramu 400 kwa pipa zima, nao hukaa humo siku saba hadi kumi. Kila siku ondoa ndoo tatu za lita 20 kutoka chini, urudishe ndoo tatu za maji safi, kila ndoo ikiwa na gramu 40 za chumvi. Lakini maji yakipungua kwa jua tu, jazia maji matupu. Jua hukausha maji, haliondoi chumvi, na ukiongeza chumvi kila mara pipa litageuka bahari.

Pipa hilo lisiwe lile lililowahi kuwekwa dawa ya wadudu wa pamba au kahawa, hata kama umeliosha mara kumi.

Je, kwa nini tusimwage chumvi bwawani, tukawatibu wote pamoja? Piga hesabu. Bwawa la mita 10 kwa 15, lenye kina cha mita moja, lina lita 150,000. Ukitaka gramu moja tu kwa kila lita, utahitaji kilo 150, yaani magunia matatu ya kilo 50. Gharama yake ni kubwa, na chumvi hiyo itashuka na maji mpaka kwenye bustani yako. Bwawa hutibiwa kwa maji safi na kwa kupunguza samaki.

KAMBARE

Kambare hana magamba. Ngozi yake iko wazi, kwa hiyo mtengenezee maji ya chumvi yenye nusu ya ukali, gramu 100 kwa ndoo ya lita 20, na vifaranga wachanga usiwaogeshe kabisa bila kumwona mtaalamu. Funika ndoo kwa wavu, maana kambare hajui kutulia, ataruka nje na utamkuta kwenye majani.

Tena kwa kambare usikimbilie neno “kuoza” kabla ya kutazama ukubwa wao. Vifaranga vya kambare hulana. Yule mkubwa huanza na mkia wa mdogo, na mwisho humeza wote. Ukiona mikia iliyokatwa, na katika tangi hilo hilo kuna wakubwa na wadogo, wachambue: wakubwa tangi lao, wadogo tangi lao. Fanya hivyo kila juma wakiwa wadogo. Hapo kisu cha tatizo kiko kinywani mwa samaki, na hakuna chumvi ya kukizuia.

UKUNGU WA WAKATI WA BARIDI

Katika nchi za juu, kama vile Njombe, Iringa na Lushoto, miezi ya Juni na Julai maji ya bwawa hupoa sana. Perege na sato hupenda maji ya nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo na nguvu zao za kupambana na ugonjwa hupungua. Wakati huo ukiwavua, ukawapima na kuwahamisha, baada ya siku chache utaona vitu kama pamba nyeupe vimeota kwenye mapezi na mgongoni. Huo ni ukungu. Hauanzi peke yake, bali huota juu ya jeraha au pezi lililokwisha kufa. Maji ya chumvi hapo juu husaidia, lakini lililo bora ni kuacha kuvua vifaranga katika baridi kali. Ngoja joto lirudi.

WAVU NA MIKONO

Mapezi mengi huharibiwa na mwenye samaki mwenyewe, siku ya kuvua au kusafirisha. Nyavu zenye mafundo makubwa hukwaruza. Tumia wavu laini usio na mafundo, ulowanishe kwanza, na usiujaze samaki mpaka wanalaliana, kwa sababu miba ya perege mmoja hutoboa pezi la mwingine. Fanya kazi asubuhi mapema. Samaki wa kusafirishwa wasilishwe siku moja kabla, ili wasichafue maji yao njiani.

Wako wanaokata chandarua cha zamani kutengeneza wavu wa vifaranga. Vyandarua vingi vya siku hizi vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki. Usikitumie. Vile vile usisafishe bomba la kunyunyizia dawa ya nyanya katika mfereji unaoingia bwawani, wala usiruhusu jirani wa juu afanye hivyo. Zungumza naye kwa wema kabla ya msimu wa kunyunyiza.

Wavu na ndoo zilizotumika kwa samaki wagonjwa ziwe za peke yake. Ukimaliza, zioshe na kuzianika juani mpaka zikauke kabisa. Vifaranga wapya unaonunua uwaweke peke yao wiki mbili kabla ya kuwachanganya na wa zamani. Wakati wa kununua tazama mikia, na usione haya kukataa. Mwuzaji akikuambia mikia iliyolika ni ya safari tu, mwambie utarudi baada ya siku tatu uitazame tena.

DAWA ZA DUKANI

Mkulima aliyetishwa na mizoga huweza kwenda dukani akanunua kapsuli za rangi mbili zinazotumiwa na watu, akazifungua na kuzimwaga majini. Katika lita 150,000 za bwawa, kapsuli kumi au hamsini si kitu, fedha imetupwa. Katika pipa dogo zinaweza kuua vile vijidudu vyema vinavyosafisha amonia, na maji yakawa mabaya kuliko mwanzo. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba vijidudu visivyokufa hujifunza kuishi na dawa, na siku mtoto wako akiugua, dawa ile ile huenda isimponye. Dawa za namna hiyo hutolewa kwa samaki kwa agizo la daktari wa mifugo tu, kwa kipimo, zikiwa ndani ya chakula, na samaki haliwi wala hauzwi mpaka siku alizoagiza daktari zimekwisha.

Ipo pia dawa ya kijani iitwayo malakaiti grini, ambayo wafugaji wa samaki wa mapambo huitumia. Samaki wa kuliwa asiguswe nayo. Mabaki yake hukaa katika nyama ya samaki muda mrefu, na nchi nyingi zimeikataza. Dawa ya zambarau, potasiamu pamanganeti, hufaa katika mikono ya mtu anayejua kuipima, lakini kosa dogo la kipimo huunguza mashavu. Hiyo mwachie Bwana Samaki.

WAKATI WA KUMWITA BWANA SAMAKI

Mwite, au mpelekee habari, ukiona samaki wanakufa kila siku ingawa umebadilisha maji. Ukiona madoa ya manjano yenye weupe yamekaa mgongoni kama tandiko la punda, au mashavu yameoza. Na hasa ukiona vidonda vyekundu vinavyochimba nyama. Upo ugonjwa wa vidonda wa samaki uliothibitishwa mwaka 2007 katika bonde la mto Zambezi, nao huwashika samaki wa mito kama wanavyoshikwa wa mabwawa. Wataalamu wanataka kujua upesi ukionekana mahali papya. Usimwuzie mtu vifaranga wakati huo, wala usiwatupe samaki wagonjwa mtoni. Wazike mbali na maji.

Bwana au Bibi Samaki atakapokuja, daftari lako litamsaidia kuliko maneno mengi: siku uliyoona weupe wa kwanza, ni wangapi katika kumi, walikula nini, ulitia samadi lini, na maji yanatoka wapi. Mtafutie samaki wawili au watatu walio wagonjwa lakini hai. Mzoga uliokaa nusu siku juani hauwezi kumweleza kitu.

KUWARUDISHA BWAWANI

Mgonjwa aliyepona hujulikana kwa ukingo wa pezi. Weupe wa maziwa umekwisha, ukingo umenyooka, na ule utando mpya unaong'aa umeanza kuonekana. Katika maji ya joto utaweza kuuona baada ya siku saba hadi kumi. Pezi zima litahitaji majuma kadha. Usingoje likamilike. Samaki akishakula kwa nguvu na mapezi yake yakatandazwa vizuri, mrudishe. Tia maji ya bwawa kidogo kidogo katika ndoo yake kwa muda wa robo saa, kisha ilaze ndoo ndani ya bwawa atoke mwenyewe. Fanya hivyo asubuhi au jioni, si saa ya jua kali.

Samaki walioogeshwa kwa chumvi peke yake wanaweza kuliwa bila wasiwasi. Wale ambao mkia wao umekwisha mpaka kwenye shina, lakini mwili ni mzima na hawana vidonda, hawana faida ya kulishwa zaidi. Wachinje wangali hai, wasafishwe na kupikwa siku hiyo hiyo. Maji ya chumvi yaliyobaki usiyamwage kwenye matuta ya mchicha wala kwenye shina la mgomba, na usiyarudishe bwawani. Yamwage njiani, mahali ambapo hutaki majani yaote.